Ndoto za Alinacha zenye anwani: jinsi ya kuwazia mahali pa kwenda na detekta

Kuna mti mmoja mkubwa ninaoupita kila asubuhi nikienda kazini, na sijawahi kuchimba hata shimo moja chini yake. Mizizi yake imejitokeza juu ya ardhi, na kati ya mizizi miwili pana nafasi iliyosuguliwa ikawa laini, inamtosha mtu mzima kukaa akaegemea shina. Kichwani mwangu nimeshatoa pale sarafu kumi na moja, kisu cha kukunja na pete. Nimezitoa nikiwa kwenye foleni, nikiwa kwenye vikao visivyokwisha, na usiku mmoja nikiwa kitandani macho makavu, hadi mwenzangu akaniuliza nawaza nini. Nikamwambia nawaza mti. Hakuuliza tena.

Kama unayo detekta ya metali, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyo ardhini, ugonjwa huu unaujua. Kwa saa moja ninayotembea na mashine, ninazo saa kumi za kuwazia pa kuipeleka. Mwanzoni niliona haya. Nilidhani mtu makini anatoka tu, anatafuta, anarudi. Baadaye nikagundua kwamba tatizo halikuwa kuota, tatizo lilikuwa nilichokuwa nakiota. Zilikuwa ndoto za Alinacha hasa: chungu kimejaa dhahabu, kifuniko kinafunguka, mimi nacheka peke yangu porini. Miaka miwili ya ndoto hizo ilinipatia vizibo vya soda.

Siku hizi siioti hazina. Nawaota watu.

Fikiria hivi. Aliyefukia hazina alitaka isionekane, akachagua mahali pasipo dalili. Utamfuatia wapi mtu wa namna hiyo? Lakini aliyedondosha sarafu hakupanga chochote, na mwili wake ndio ulioamua. Kitu hudondoka pale mwili unapobadilisha mkao: mtu anapoinama, anapopanda ukuta wa mawe, anapovua viatu, anapojilaza, anapomtua mtoto mgongoni, anapohesabu pesa gizani. Kwa hiyo nikiwa nimekaa nawaza mahali, siulizi pale kuna nini. Nauliza, hapa watu walikuwa wakifanya nini na miili yao?

Nitakupa mfano mmoja. Kulikuwa na kivuko cha zamani kwenye kijito, watu walivuka kwa miguu kabla daraja halijajengwa mbele kidogo. Wenzangu wawili walishapita pale, wakapekua kingo zote mbili ukingoni kabisa mwa maji, wakaondoka na misumari. Mimi nilikaa na kivuko kile kichwani wiki tatu. Nilimwona mtu anashuka na mzigo, anavua viatu, anapandisha nguo, anavuka. Akifika ng'ambo anafanya nini? Hawezi kuvaa viatu palepale, miguu ina tope. Anapanda kidogo hadi penye nyasi kavu, anakaa, anajifuta, anavaa. Nilipokwenda, maji sikuyatazama. Nilipanda hatua kumi na tano hivi hadi kwenye kibonde chenye nyasi, nikaanza kufagia na koili, ile sahani ya chini ya mashine inayosikia metali, polepole, chini kabisa, karibu iguse majani. Sauti ya kwanza ilikuwa fupi na safi, ikalia vilevile nilipoipita kutoka upande mwingine. Nikakata donge la udongo pande tatu, nikalifunua kama kifuniko cha daftari, na kwenye ubavu wa shimo kukawa na duara ya kijani, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kifungo cha shaba. Nyuma yake bado kulikuwa na kile kitanzi cha kupitishia uzi, kimepinda. Kabla jua halijazama nilishapata sarafu tatu na bizimu ya mkanda. Thamani yake sokoni haifiki popote, lakini nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndoto, hata hivyo, ina kiburi. Ikikaa kichwani muda mrefu inaanza kukataa kusahihishwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye mahame fulani niliyoyaona kwenye ramani ya zamani: vijumba vinne vimechorwa, na kwenye ramani mpya hakuna kitu. Niliyaota karibu mwaka mzima. Nilijua hadi mlango ulitazama wapi, maana nilishaujenga mwenyewe. Nilipofika, detekta ililia kama kuku waliovamiwa. Misumari, kila mahali misumari. Nikakasirika, nikaiamuru mashine ikatae chuma chote na kila kinachofanana na takataka. Pakawa kimya. Nikatembea saa nne kwenye kimya kile, nikarudi mikono mitupu, nikiwalaumu waliowahi kabla yangu.

Upuuzi mtupu. Kwanza, misumari ndiyo iliyokuwa habari njema: palipo na msumari palikuwa na nyumba, na ilikuwa inanionyesha kuta zilipokuwa zimesimama. Pili, mashine haijui pete ni nini. Detekta nyingi za kawaida hutuma mawimbi ya masafa ya chini, kati ya kilohezi 3 na 30, metali iliyo ardhini inaamshwa na mawimbi hayo, inajibu kwa usumaku wake, na koili inasikia jibu. Jibu la pete ndogo ya dhahabu linakaa jirani sana na jibu la karatasi ya aluminiamu na la kile kipini cha kufungulia kopo la kinywaji. Ukiikataza mashine isikuletee takataka hizo, umeikataza na dhahabu. Tena chuma kikiwa karibu na sarafu hufunika sauti yake. Niliporudi mara ya pili nilikuwa na koili ndogo, inayoweza kupenya kati ya msumari na msumari, nikaruhusu karibu sauti zote, na nikaacha kuta. Nikafuata njia kutoka mahali pa mlango kwenda kisimani. Nani hakupita njia ile, asubuhi na jioni, akainama kisimani? Nusu ya nilivyovipata mahali pale vilitoka ndani ya hatua sita kuzunguka kisima.

Kila ndoto inapoanza kuniendesha, namkumbuka rais wa Marekani James Garfield. Alipigwa risasi Julai 1881, na madaktari hawakuijua risasi ilipo. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda kifaa cha kusikia metali, kimojawapo cha vifaa vya mwanzo kabisa vya aina hii, akakileta kitandani kwa mgonjwa. Hakikuipata. Moja ya sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda, zilizovuruga sauti. Nyingine ndiyo inayoniuma zaidi: daktari mkuu alishaamini kwamba risasi iko upande wa kulia, akaruhusu upande huo tu ukaguliwe. Risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi, ila kilipelekwa mahali pa ndoto ya mtu mwingine.

Kwenye ndoto zako weka pia kipimo cha kina. Sarafu ya kawaida, kwenye udongo usio na madini mengi, detekta ya kawaida huisikia kwenye sentimita 20 hadi 30, na mara nyingi haifiki hata hapo. Koili kubwa huongeza kidogo, hasa kwa vitu vikubwa. Ukiota sanduku lililofukiwa mita tatu, umeota kazi ya mashine nyingine. Na yeyote anayekuuzia kijiti cha antena kinachodai kunusa dhahabu kutoka umbali wa mamia ya mita, muage kwa heshima ukaondoke. Hakuna sayansi inayokibeba kitu hicho.

Ufuoni ndiko ninakopenda kuota kuliko kote, kwa sababu ndoto ya ufuoni ina kalenda. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupwa mbali kuliko siku nyingine, na unafika kwenye mchanga ambao kwa kawaida ni wa samaki. Ikitangulia dhoruba, ni bora zaidi: mawimbi huubeba mchanga wa juu na kuacha tabaka gumu la kokoto au udongo wa mfinyanzi. Bahari hupanga vitu kwa uzito. Ukiona unatoa vizibo na vipande vya aluminiamu, uko kwenye mstari wa vitu vyepesi, sogea. Ukianza kutoa risasi za kuzamishia ndoana, tulia hapo, maana kilicho kizito kama risasi kimesimama jirani, na pete na sarafu ni nzito. Mchanga mkavu wa juu, wanakotandika mikeka, ni hadithi nyingine, huko unawafuata walioketi jana. Angalia tu kwamba mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na detekta nyingi za masafa ya chini hapo hupiga kelele ovyo. Detekta za aina nyingine, zinazotuma mapigo mafupi ya umeme, zinavumilia chumvi vizuri zaidi, ila hazijui sana kuchagua, kwa hiyo utachimba kila kitu. Mimi nachimba. Sina haraka na bahari.

Sasa sehemu isiyo na utamu. Mahali pazuri pa kuota mara nyingi ni pa mtu, au ni pa taifa. Nchini Ufaransa, kutafuta vitu vya kihistoria kwa detekta kunahitaji kibali cha serikali. Nchini Uingereza, pamoja na ruhusa ya mwenye ardhi, sheria ya mwaka 1996 inakutaka utoe taarifa ukikuta kitu kinachohesabiwa kuwa hazina, na maeneo ya kale yaliyolindwa hayaguswi bila idhini maalumu. Kwako huenda ni tofauti, kwa hiyo soma sheria ya mahali ulipo kabla ndoto haijakomaa, maana ikishakomaa utaanza kuitafutia visingizio. Magofu maarufu niliyafuta kabisa kwenye orodha yangu. Na uwanja wowote uliowahi kupiganiwa unaweza kuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Ukiona chuma chenye umbo la yai kubwa au mcheduara wenye mapezi, usikivute, usikipige sepeto. Weka alama kwa mbali, ondoka, waite polisi.

Anayenifundisha adabu hapa ni Eric Lawes. Novemba 1992, huko Hoxne, mashariki mwa Uingereza, rafiki yake mkulima alipoteza nyundo shambani na kumwomba aje na detekta. Hakuwa akiota chochote zaidi ya nyundo. Akakutana na vijiko vya fedha na sarafu za Kirumi. Badala ya kukomba kila kitu, aliacha kuchimba na taarifa ikatolewa, wataalamu wa mambo ya kale wakaja kufukua yaliyobaki yakiwa kama yalivyofukiwa, hata mabaki ya sanduku yakasomeka. Zilihesabiwa sarafu zaidi ya 14,000. Nyundo nayo ilipatikana, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la British Museum pamoja na dhahabu. Mimi ningekuwa mahali pake, sijui kama mikono yangu ingetulia. Ndiyo maana siku hizi natembea na kamba na vijiti vya kuzungushia shimo, hata ninapokwenda kutafuta vifungo.

Ninacho kidaftari. Kila mahali ninapopaota pana mistari mitatu: nani alipita hapa, mwili wake ulifanya nini hadi kitu kidondoke, na mwenye ardhi ni nani. Mstari wa kwanza na wa pili hujaa haraka, kwa ramani za zamani, picha za zamani, na zaidi ya vyote kwa kukaa na wazee ukanyamaza. Mstari wa tatu ndio huchukua miezi. Kurasa nyingi hazina mstari wa tatu, na siendi.

Ukurasa wa mti ulikaa hivyo muda mrefu. Mwezi uliopita nikakutana na mwenye kiwanja, mzee mwenye fimbo, anafukuza mbuzi wa jirani. Nikamwamkia, shikamoo mzee, nikamweleza, nikaahidi kufukia kila shimo na kumwonyesha kila kitakachotoka. Akacheka. Akaniuliza kwa nini nang'ang'ania pale kwenye mizizi.

"Si ndipo watu walipokuwa wakikaa?" nikasema.

"Pale tunakaa sisi," akasema. "Nilipokuwa mtoto mti ulikuwa mdogo, kivuli hakifiki hapo. Watu walikuwa wanakaa kule," na akanyoosha fimbo kwenye kichaka ambacho nimekipita maelfu ya mara bila kukitazama. "Kulikuwa na jiwe bapa. Wakisubiri gari, wakicheza karata za pesa."

Karata. Za pesa. Nimepata ruhusa ya Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Leo ni Jumanne, na tangu nilipoamka nimeshalala kifudifudi juu ya jiwe lile mara nne, nikitafuta sarafu iliyoponyoka kwenye mkono wa mtu aliyekuwa anashinda.