Je, China ilitwaa medali zote za dhahabu Doha 2025?

Hapana, ndugu yangu, China haikutwaa dhahabu zote tano katika mashindano ya dunia ya tenisi ya meza yaliyofanyika Doha, Qatar, mwezi Mei 2025, ilipata nne. Iliyowaponyoka ni ya wanaume wawili wawili, ambayo Hiroto Shinozuka na Shunsuke Togami wa Japani waliinyakua kwa kuwashinda Lin Yun-ju na Kao Cheng-jui wa Taiwan kwa seti 3 kwa 2, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Japani kushinda kitengo hicho tangu mwaka 1961.

Kwa wanaume mmoja mmoja, Wang Chuqin alimfunga Hugo Calderano wa Brazil 4 kwa 1. Matokeo hayo yanaweza kukufanya udhani kwamba fainali ilikuwa nyepesi, lakini Calderano, aliyekuwa mchezaji wa kwanza kutoka bara la Amerika kufika fainali hiyo, alikuwa amemtoa Liang Jingkun kwa seti 4 kwa 3 katika nusu fainali, na mwezi mmoja tu kabla yake alikuwa amemshinda huyo huyo Wang alipokuwa njiani kutwaa Kombe la Dunia kule Macao.

Kwa wanawake, Sun Yingsha alimshinda Mchina mwenzake, Wang Manyu, 4 kwa 3, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa fainali kali kuliko zote.