Kutumia fasihi kuwafundisha wauguzi kutafakari kazi yao

Swali: Mimi ni mkufunzi wa uuguzi. Nikiwataka wanafunzi waandike tafakuri baada ya zamu za wodini, huniletea maelezo yanayofanana. Je, hadithi au mashairi yanaweza kusaidia, na kikao kiendeshwe vipi?

Jibu: Yanaweza, ndugu mkufunzi, ila mara nyingi chanzo cha tatizo hilo si uvivu. Mwanafunzi anayetakiwa kuanza na udhaifu wake mwenyewe, katika karatasi itakayopewa alama, hujilinda kwa kuandika linalokubalika. Fasihi humpa mtu mwingine wa kumzungumzia kwanza.

Chagua matini fupi inayoweza kusomwa kwa sauti mara mbili. Ningeanza na beti za mwanzo za Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ambamo mama anamweleza binti yake kwamba ameshikwa na maradhi hata mwaka umetimia, na hajapata kumwambia neno jema. Usiulize vina wala mizani. Uliza ni mgonjwa gani wodini ana neno ambalo raundi ya asubuhi haimpi nafasi ya kulisema. Kwa wauguzi wazoefu, riwaya fupi ya mwandishi Mrusi Tolstoy kuhusu kifo cha Ivan Ilyich, ya mwaka 1886, inafaa mno: daktari anapima kama tatizo ni la figo au la kidole tumbo, ilhali mgonjwa anataka kujua tu kama hali yake ni ya hatari, na anayekuja kumpa nafuu ni mtumishi Gerasim, asiye na taaluma yoyote ya tiba, kwa kumwinulia miguu.

Baada ya mazungumzo, waandike kwa dakika chache kuhusu mgonjwa mmoja. Rita Charon, daktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alianza mwaka 1993 kuwataka wanafunzi wake waandike, kando ya faili rasmi, yale ambayo faili haliyapokei, kwa mfano huzuni ya kumuuguza mtu anayewakumbusha babu yao aliyekufa kwa ugonjwa uleule. Waandike kwa lugha ya kawaida, wasomeane wakiridhia, nawe uandike pamoja nao.

Nakusihi usitoe alama kwa maandishi haya, na majina ya wagonjwa yasiandikwe. Hata hivyo, waeleze tangu mwanzo kwamba likijitokeza kosa lililomdhuru mgonjwa, haliwezi kuachwa liishie kikaoni. Litaripotiwa kwa utaratibu wa hospitali, na wewe utamsindikiza mhusika kwa matroni.