Kamba ya mzigo si kamba ya mwili

"Kaka habari, nimepata laki mbili, nataka kuanza kazi ya kukata miti. Ninunue kamba gani?" Ujumbe huu umeingia Jumatatu, na kabla sijajibu nikakumbuka viganja vya dogo ninayefanya naye kazi.

Mimi mtoto wa Pangani. Minazi nimeanza kuikwea nikiwa na miaka 12, kitanzi cha kamba ya usumba miguuni, panga kiunoni, mjomba chini ananitukana. Mnazi mrefu unapita mita 20, na mkwezi hajafungwa popote. Mikono ikilegea, basi. Kwa hiyo nilipokuja Dar na kuanza kukata miembe na mikungu, ile miti ya kivuli, kwenye nyumba za watu, kamba niliiona ni mambo ya waoga. Nilichokuwa nikikiogopa mimi ni maji moto tu, wale sisimizi wakali wa kwenye mwembe. Jina likakua, watu wananipigia wenyewe. Mgema nikasifiwa, tembo nikalitia maji.

Masika ya mwaka jana nikaitwa kwenye mkungu, tawi limelalia banda la gari. Nikalifunga kwa manila, kamba nikaipitisha kwenye panda ya juu, ncha nikamwachia dogo chini. "Wewe shika tu, mimi nakata." Shika tu! Tawi bichi lile lilimzidi uzito. Lilipokatika, kamba ilimpita viganjani kwa kasi, akaiachia, na nani asingeiachia? Nikasikia bati.

Nilipomfungua mikono, ngozi ilikuwa imejikunja pembeni kama ganda la kitunguu, chini yake wekundu unang'aa. Mwenye nyumba hakuiangalia hiyo mikono. Alihesabu bati zake, akakata hela yote, akaniambia, "Wewe rudi kwenye madafu yako." Banda nililipa, lakini mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Sasa, mdogo wangu, sikiliza. Mzigo haushikwi kwa mikono. Kamba izungushe chini kwenye shina la mti wenyewe, mara mbili au tatu, ndipo msaidizi ashike ncha, asimame pembeni, na asijiviringishie mkononi hata kidogo. Gome ndilo linalobeba, yeye analegeza tu. Panda ya juu nayo ichague nene, kwa sababu inabeba tawi na mvuto wa chini kwa pamoja, inaweza kufika karibu mara mbili ya uzito wa tawi. Na isiwe ile uliyojifungia wewe.

Manila ni plastiki. Jua linaila, msuguano unaiyeyusha. Ya kuvutia matawi chini, sawa. Katani sisi wa Tanga tunaionea fahari tangu yule Mjerumani, Hindorf, alete miche yake mwaka 1893, lakini inaoza kwa ndani huku nje inapendeza. Isokotoe kinyume uangalie nyuzi za katikati. Ya mwili nunua nailoni mpya, nene, maana inavutika kidogo ukianguka, mshtuko unapungua. Kamba ya mwili haibebi tawi, haivuti gari, haianikiwi nguo.

Jifunze na fundo la Prusik, la yule Mwaustria aliyelieleza mwaka 1931. Kitanzi cha kamba nyembamba unakizungusha mara tatu kwenye kamba yako kubwa. Ukikisukuma kwa mkono kinateleza, ukikining'inia kinauma. Lijaribu kwanza ukiwa mita moja kutoka chini, siyo juu ya mwembe wa mtu. Na kabla hujakata, kamba ya pili fupi izunguke shina, kwa sababu panga halijui kamba na tawi. Anza kukata upande wa chini wa tawi, ndipo umalizie juu, lisichanike na gome.

Vijana mna haraka. Simu ya laki tatu, kamba ya elfu tano! Halafu mnasema kazi hii ina mkosi. Narudia: kamba ya mwili haibebi tawi.

Dogo bado niko naye. Viganja vimepona, vimebaki na michirizi. Siku hizi kamba anachagua yeye, na mimi nikiwa juu sikati mpaka nisikie sauti yake ikisema "tayari".