Maswali Yenu: Kapteni Anayepiga na Kurusha, Tumpime Vipi?

Toleo lililopita tuliandika ukurasa mmoja tu kuhusu safari ya Riazat Ali Shah, oli-raunda wa Cricket Cranes, timu ya taifa ya kriketi ya Uganda, aliyepokea ukapteni kutoka kwa Brian Masaba, na jamani barua zimekuja! Nyingine zinasifu, nyingine zina hasira kabisa, na karibu zote zinarudi palepale: huyu mtu anapiga, anarusha, alafu bado anaongoza wenzake, sasa tukitaka kujua kama ni mzuri tuangalie nini. Nimechagua chache tuzijibu hapa.

Mtoto wangu wa kiume ana miaka 11, anasema akikua atakuwa oli-raunda. Mimi najua kuna wa kupiga na wa kurusha, basi. Hii oli-raunda ni kitu gani? (Mama, Entebbe)

Mama, ni mchezaji ambaye hata ukimnyang'anya gongo bado angepata nafasi kwenye timu kwa kurusha, na ukimnyang'anya mpira bado angepata kwa kupiga. Wengi wanajiita hivyo lakini wenye sifa hiyo kweli ni wachache. Faida yake ni hesabu tu. Kwenye T20, ile kriketi fupi, timu inarusha ova 20, kila ova mipira 6, na mtu mmoja haruhusiwi kuzidisha 4, kwa hiyo lazima uwe na warushaji 5 angalau. Kama wote 5 hawajui kupiga, umebaki na wapigaji 6, wakitoka wale umekwisha. Ukiwa na oli-raunda wawili watatu unapata warushaji wako na wapigaji wako bila kuongeza mtu, na kapteni anapumua.

Kaka, mnamsifu Riazat kwa zile ran (alama) 33 dhidi ya Papua New Guinea. Mimi nimeangalia, alitumia mipira 56! T20 ni mchezo wa kugonga, hiyo ni spidi ya konokono. Mbona inaitwa ushujaa? (Mtu wa boda, Naguru)

Asante sana kwa hili swali, na naomba univumilie maana hapa nitakaa kidogo.

Turudi Guyana, uwanja wa Providence, 5 Juni 2024. Kule ilikuwa jioni, hapa kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku, waliokesha wanajua. Siku mbili kabla, kwenye uwanja huohuo, Afghanistan walitupiga vibaya, wao 183, sisi 58 wote nje, Fazalhaq Farooqi peke yake akachukua wiketi 5, yaani akawatoa wapigaji watano. Ndo ilikuwa mechi yetu ya kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia. Sasa unaingia mechi ya pili ukiwa na kumbukumbu hiyo mwilini.

Papua New Guinea wakaanza kupiga na vijana wetu wakawatoa kwa 77. Hapo lazima nimtaje mzee Frank Nsubuga, miaka 43, mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote kwenye mashindano yale: ova 4, mbili kati ya hizo hakutoa ran hata moja, jumla ran 4, wiketi 2. Mpaka siku ile hakuna mtu aliyewahi kumaliza ova zake 4 kwenye Kombe la Dunia la T20 kwa ran chache hivyo. Na huyu alianza kucheza kimataifa kwenye ICC Trophy, mashindano ya ICC (baraza la kriketi la dunia), ya 1997 kule Malaysia akiwa na miaka 16, na timu ya Afrika Mashariki na Kati!

Kwa hiyo tunahitaji 78. Kidogo, si ndiyo? Tukaanza kuanguka. Wiketi 3 zimekwenda tuna ran 6 tu. Wiketi 5 zimekwenda tuna 26. Ile pichi, kile kipande cha ardhi mpira unapodundia, ilikuwa nzito, mpira unakaa chini, haufiki kwenye gongo vile mpigaji anavyotaka, na kila aliyejaribu kuulazimisha alirudi kukaa.

Sasa fanya hesabu kaka yangu. Ran 78 kwa mipira 120 ni chini ya ran 4 kwa ova. Muda haukuwa shida yetu hata kidogo, shida yetu ilikuwa watu wa kubaki uwanjani. Riazat akigonga mbili za kuruka mpaka, ran sita sita, alafu atoke, tunabaki na warushaji na mechi imekwisha. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo kijana aliyezoea kugonga linamuuma, akaacha mipira ipite, akachukua moja moja, na akamshikilia Juma Miyagi ambaye kazi yake ni kurusha, wakaongeza ran 35 pamoja kutoka ile 26. Alipotoka yeye zilibaki ran za kuhesabu kwa vidole, Kenneth Waiswa akazimaliza, 78 kwa wiketi 7, mipira 10 bado haijarushwa. Yaani hata kwa hiyo spidi unayoilalamikia mipira ilibaki!

Na usidhani hajui kugonga. Novemba 2023 kule Windhoek, kwenye mechi za kufuzu, Zimbabwe walipata 136 na kapteni wao Sikandar Raza, oli-raunda mkubwa kabisa Afrika hii, alikuwa amepata 48. Riazat akapiga 42 kwa mipira 28, Alpesh Ramjani akapiga 40, tukashinda zikiwa zimebaki wiketi 5. Ilikuwa mara ya kwanza Uganda kuifunga nchi yenye uanachama kamili wa ICC, zile kubwa zinazocheza Test, mechi za siku tano. Mtu yuleyule, mikono ileile, siku moja anakimbia siku nyingine anasubiri. Kama ningeambiwa nichague moja kati ya hizo mbili ningechukua ile 33, na ningeiweka juu ya kila kitu ambacho mpigaji wa Uganda amewahi kufanya, na najua kuna watu watanibishia, waandike tu.

Mhariri salaam. Masaba aliacha ukapteni mara tu baada ya Kombe la Dunia. Timu ilitolewa yote kwa ran 39 dhidi ya West Indies, 40 dhidi ya New Zealand. Je, historia itamkumbuka kwa hizo namba? (Mstaafu wa jeshi, Jinja)

Afande, salaam. Hizo namba hazifutiki, na 39 ni sawa na alama ya chini kabisa kuwahi kupatikana kwenye Kombe la Dunia la T20, tuliifikia ile ya Uholanzi ya 2014. Ziliuma, mimi siku ile ya West Indies nilizima simu.

Lakini nakuomba uangalie alipojiweka yeye mwenyewe. Masaba anarusha legi-spini, mpira wa polepole unaopinda ukidunda, ni aina ngumu ya kurusha, mpira ukikosea kidogo tu unakwenda kwenye mashabiki. Kapteni mwenye uoga hujificha, anawapa vijana mpira pale wapinzani wanapochemka alafu yeye anakuja baadaye mambo yakitulia. Angalia ile mechi ya Afghanistan: Rahmanullah Gurbaz na Ibrahim Zadran wamefika 154 bila mtu kutoka, warushaji wetu wote wamechoka, na aliyeivunja ile ndoa ni Masaba mwenyewe, akamtoa Zadran. Hiyo ndo wiketi ya kwanza ya Uganda kwenye Kombe la Dunia la T20. Akamaliza na wiketi 2 kwa ran 21, siku ambayo Afghanistan walifika 183! Na West Indies walipotupiga 173 bado alichukua wiketi 2.

Alafu usisahau nani alitupeleka huko. Windhoek tulicheza mechi 6 tukashinda 5, tuliyopoteza ni ya wenyeji Namibia tu, na 30 Novemba tukawatoa Rwanda kwa 65 tukafuzu. Kenya walikuwepo wakabaki. Zimbabwe walikuwepo wakabaki! Kuhusu kuondoka, mimi naona aliondoka vizuri, mrithi alikuwa ameshakomaa na akakabidhi akiwa bado anaweza kucheza chini yake.

Sina ubaguzi ila niulize tu: Riazat amezaliwa Pakistan. Hatuna Mganda wa kuvaa hiyo bendi? (Msomaji, Mbale)

Ndugu, umeuliza kwa heshima nami nitakujibu kwa heshima, ingawa swali hili linanigusa.

Ni kweli kwao ni Gilgit, kaskazini ya Pakistan. Sheria za ICC zinamruhusu mtu kuchezea nchi aliyoishi miaka 3, na yeye amefanya zaidi ya kuishi, amejenga maisha yake ya kriketi hapa. Ramjani naye kazaliwa Mumbai. Sasa tukumbuke kriketi ya nchi hii ilikuwaje. Kwa miaka mingi Waasia wa Uganda ndo walikuwa uti wa mgongo wa mchezo, wana klabu zao, viwanja vyao, mpaka 1972 Amin alipowapa siku 90 waondoke. Mchezo nusura ufe. Uliobaki ulibaki mashuleni, Budo, Mwiri na kwingine, walimu wakifundisha kwa magongo ya zamani. Kwa hiyo leo nikiona Miyagi na Riazat wamesimama pamoja kwenye pichi ya Guyana, tuna ran 26 na wiketi 5 zimekwenda, wanaitana kukimbia ran moja, mimi siulizi nani kazaliwa wapi. Wachezaji wenzake walimkubali kabla yetu sisi tulio kwenye viti.

Mimi ni wa zamani. Mnasema Riazat na Masaba, na Steve Tikolo wa Kenya je? Huyo ndo oli-raunda kapteni wa kweli Afrika Mashariki. (Mzee wa mpakani, Busia)

Mzee wangu, kwa Tikolo hatubishani kabisa. Kombe la Dunia la 2003 aliwafikisha Kenya nusu fainali, hakuna timu nyingine isiyocheza Test iliyowahi kufika pale. Waliwafunga Sri Lanka hapo Nairobi kwa ran 53, Collins Obuya akachukua wiketi 5. Wako watakaosema New Zealand walikataa kwenda Nairobi wakatoa pointi za bure, sawa, lakini Sri Lanka walikwenda, Bangladesh na Zimbabwe walichezwa wakafungwa. Na kwenye nusu fainali Durban, India wamepiga 270, Kenya wanaanguka huku na huku, Tikolo akapiga 56. Miaka 7 nyuma, 1996, alikuwa amewapiga Sri Lanka 96 kule Kandy siku ambayo wao walikuwa wameweka 398, rekodi ya dunia wakati huo. Na spini yake ilimpa wiketi zaidi ya 90 kwenye mechi za siku moja.

Ila mzee, Tikolo ni wetu pia! Alikuja akawa kocha wa Uganda, na 2018 chini yake tulichukua ubingwa wa divisheni ya nne ya ligi ya dunia kule Malaysia.

Na kwa kuwa umesema wewe ni wa zamani, utamkumbuka Sam Walusimbi. Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Uingereza 1975, timu ya Afrika Mashariki ilicheza mechi 3 ikafungwa zote, na Walusimbi, oli-raunda kutoka Uganda, alicheza zote tatu. Marehemu John Nagenda naye alikuwepo, alicheza ile ya New Zealand. Vijana wengi wanaofanya mazoezi Lugogo leo hawajui hata hayo majina, na hili linanisikitisha kuliko ile 39.

Kocha wa shule anamwambia binti yangu achague, ama kupiga ama kurusha. Ana miaka 13 na anapenda vyote. Tumsikilize? (Baba, Kampala)

Hapana baba, kwa heshima zote kwa mwalimu, bado mapema mno. Janet Mbabazi wa timu yetu ya kina dada angechagua akiwa na miaka 13 leo tungekosa ama kupiga kwake ama kurusha kwake. Mwache afanye vyote mpaka mwili na akili yake vimwambie.

Jambo moja tu ndo la kuangalia sana: anarusha nini? Kama ni spini hana shida, arushe. Kama ni kasi, mpangie kiasi. Mgongo wa mtoto bado unakua, na warushaji wa kasi wadogo hupata nyufa kwenye mifupa ya chini ya mgongo kwa sababu ya kurusha siku mfululizo bila kupumzika, leo shule, kesho klabu, Jumapili mechi, na kila kocha anafikiri ni yeye peke yake anayemtumia. Ongea na makocha wote wawili wajue amerusha ova ngapi wiki hiyo. Akisema mgongo unamuuma upande mmoja chini, usimpake dawa ukamrudisha uwanjani, mpeleke hospitali apigwe picha. Na siku anazopumzika kurusha, mpe gongo apige, ndo raha ya kuwa oli-raunda.