Mgeni akitua Kisumu asubuhi, usimwache alale kutwa

Dada, umeuliza mjomba anayetua Kisumu asubuhi kutoka Chicago umzungushe wapi siku ya kwanza. Usimzungushe sana. Saa sita mchana ya hapa, kwao ni saa tisa au kumi usiku, kwa hivyo hata akicheka na watu, mwili wake umelala. Akifika aoge, ale kitu chepesi, alale saa moja tu. Muamshe hata akinuna! Akilala hadi jioni, usiku atakuwa anahesabu mabati.

Alasiri mtoe nje, maana mwanga wa jua ndio unaorekebisha saa ya mwili. Mimi ningempeleka Dunga, pale ziwani: aketi ufuoni atazame mashua, achague samaki wake, akaangwe mzima, aletwe na ugali na sukuma, ale kwa mkono bila haraka. Soko la Kibuye liache siku nyingine, zile kelele na msukumano si za mtu mwenye usingizi. Kahawa mwisho saa nane. Maji anywe mengi, joto la hapa unalijua.

Saa tatu usiku aingie kitandani. Akishtuka saa tisa usiku, simu asiiguse.