Sekondi Lowa, Pasi na Barua za Mwajiri: Majibu Yenu

Nina sekondi lowa (daraja la pili la chini), wastani 54. Nitakubaliwa uzamili? (Njoro)
Swali hili linarudi kila wiki kwa sababu watu husoma tangazo la chuo mstari mmoja tu. Baada ya "daraja la pili la juu" huwa kuna neno "au". Katika vyuo vyetu vingi vya umma, sekondi lowa hupita ikiwa na uzoefu wa miaka miwili katika fani unayoomba. Wengi hawaangushwi na 54, huangushwa na barua ya mwajiri. "Amefanya kazi nasi kwa muda mrefu kwa bidii" haihesabiki. Barua itaje mwezi na mwaka ulioanza, cheo, na kazi ulizofanya, halafu iwe na sahihi na muhuri. Miezi mitatu ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ukiwa mwanafunzi, usiijumlishe. Kibanda cha M-Pesa nacho si uzoefu wa kuombea uzamili wa fizikia.

Mimi nina pasi, daraja la mwisho la shahada. (Kakamega)
Baadhi ya vyuo hutaka miaka mitano ya kazi. Vingine vitakupeleka stashahada ya uzamili kwanza. Chagua ya fani yako: ile ya ualimu, ambayo kila mtu huikimbilia, haikufungulii uzamili wa kemia.

Nieleze kwamba nilifiwa mwaka wa pili? (Bondo)
Ndiyo, kwa sentensi mbili. Kisha onyesha wastani wa mwaka wa tatu na wa nne peke yake. Ukipanda kutoka 48 hadi 63, namba zitasema. Kurasa mbili za machozi humchosha msomaji.

Transkripti yangu ina somo lisilo na alama. (Maseno)
Nenda idarani wewe mwenyewe, na fomu ya kusajili somo na kadi ya mtihani. Nenda leo, si wiki ya mwisho ya kutuma maombi.

Kuna mtu mjini Kisumu "ananyoosha" transkripti. (Hakutaja jina, na ninaelewa kwa nini)
Ni kughushi, na ni jinai. Chuo kinaweza kuuliza chuo chako cha zamani hata ukiwa mwaka wa pili.

Marekani wanataka GPA (wastani wa alama kati ya 4) ya 3.0. Nina 58, yaani 2.32? (Nakuru)
Nani alikutuma kuzidisha 58 kwa 4 na kugawa kwa 100? Kwetu 70 ni A. Kwao 70 huwa C. Umejishusha kabla hawajakushusha. Fomu ikiruhusu, andika alama kama zilivyo na utaje kipimo cha chuo chako. Wakitaka ulinganisho, mashirika ya kulinganisha vyeti kama WES (World Education Services) huufanya somo kwa somo. Ni wa kulipia, kwa hiyo uliza kwanza kama chuo chenyewe kinauhitaji.