Ayoni za lithiamu hazionekani, basi zinapimwaje?

Mdogo wangu, umeuliza kinywe chetu (grafiti) cha Ruangwa, mkoani Lindi, kikiingia kwenye betri, wataalamu wanajuaje kasi ya ayoni za lithiamu (atomu zenye chaji ya umeme) humo ndani ilhali hazionekani. Wanasoma volti.

Sugua kipande cha kinywe kwa kidole gumba. Kinateleza na kuacha weusi unaong'aa: hayo ni matabaka yanaachana. Ayoni hujipenyeza katikati yake, na nafasi ile hutanuka kwa kama asilimia 10.

Kupima, unatengeneza betri ndogo kama ya saa, upande mmoja kinywe, wa pili metali ya lithiamu. Unapitisha mkondo mdogo kwa dakika chache, unakata, kisha unasubiri, pengine saa kadhaa. Ayoni zilizorundikana kwenye ngozi ya chembe za kinywe zinaenea kuelekea ndani, na volti inatulia taratibu. Unalinganisha volti ilivyohama mkondo ukipita na pale ilipokuja kutulia; humo ndimo unamopata kasi. Unarudia hatua kwa hatua mpaka kinywe kishibe, lithiamu moja kwa kaboni 6. Wanasayansi Weppner na Huggins waliieleza njia hii mwaka 1977.

Lakini tafadhali, pima kwanza ukubwa wa chembe! Umbali ambao ayoni inasafiri ndani ya chembe ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Kinywe cha Lindi hutoka kikiwa na magamba makubwa, na kwa betri lazima kisagwe. Ukiingiza kwenye hesabu kipimo cha kabla ya kusaga, jibu lote limeharibika.